Watoto wa Kesho Yake

Nchi ya Shangwela haina kliniki, lakini mtu asiidharau kwa hilo kabla hajaiona Siku yao. Mimi niliiona. Nimezaa watoto wanne, nimekalia mabenchi ya kliniki miaka mingi, na sijawahi kuona watoto wakichanjwa namna ile.

Nchi yenyewe ni mteremko mmoja mrefu. Juu kabisa kuna mlima wa barafu isiyoyeyuka, chini kabisa kuna bonde la mpunga, na katikati ni nyumba juu ya nyumba. Chanjo zao zote zinatunzwa ndani ya pango la barafu huko juu. Mababu zao walipoanza, walimpa mtu mmoja chupa ashuke nayo. Akachoka, akapumzika, akajikwaa, na chupa ikafika bondeni imeharibika kwa joto. Wakakaa kikao, wakatunga sheria, wakaichonga kwenye jiwe mbele ya jumba la baraza: Mlango wa barafu usifunguliwe mpaka mstari wa mikono utoke kwenye barafu mpaka kwa mtoto, bila kukatika.

Kutoka mlimani mpaka bondeni ni mbali. Mstari huo unahitaji karibu kila mwenye mikono katika nchi, na nchi nzima haiwezi kuacha kazi kila wiki. Basi wanafanya mara moja kwa mwaka, na wanaiita Siku, bila jina jingine.

Kila mtu ana nafasi yake kwenye mstari, imewekewa jiwe, na anairithi kwa mzazi wake. Nilifikia kwa mwanamke aitwaye Mwasiti, mshonaji wa bondeni, ambaye tumbo lake lilikuwa limeshuka tayari. Alipoona hawezi kusimama juani, alinikabidhi jiwe lake.

"Usikohoe, usiongee, na ukiiangusha usirudi nyumbani kwangu," akaniambia.

Nilitegemea kelele. Alfajiri ngoma zilipigwa, kisha Mkuu wa Siku akainua mkono na nchi nzima ikanyamaza. Sijui jinsi ya kueleza ukimya wa watu wote hao. Juu yangu walikuwa mafundi, mahakimu, wachunga mbuzi, bibi harusi na gauni lake, wote mkono kwa mkono mpaka macho yanaposhindwa kuwaona. Kisha nikasikia sauti kutoka juu, kama mvua inayotembea kwenye migomba. Vilikuwa ni viganja vinavyopokea majani ya mgomba, kwa sababu kila chupa huwekwa katikati ya bonge la barafu, likafunikwa pumba za mpunga na kufungwa kwa majani. Mvua hiyo ikashuka, ikashuka, ikanifikia. Mwanamke wa juu yangu alinipa mzigo wa kwanza, baridi ikaniuma mpaka kwenye viwiko, nikampa mzee wa chini yangu, na wa pili ukawa umeshafika.

Hakuna aliyeangusha. Jua lilipoanza kushuka, kila mtoto katika uwanja wa bondeni alikuwa amechomwa sindano yake, na watu wale wote waliimba kwa pamoja. Nilipata mtetemo kifuani. Mimi si mtu wa kulia hovyo na sikulia, lakini sikuwa na la kusema, na wanaonijua watajua hilo si dogo.

Basi ndipo nikaanza kuuliza maswali, maana hiyo ndiyo hulka yangu. Dozi ya pili inatolewa lini? Siku ya mwaka ujao. Na ya tatu? Siku ya mwaka unaofuata. Kwetu dozi tatu za kuanzia huisha kabla mtoto hajajua kukaa. Mtoto wa Shangwela anapata ya tatu akiwa ameshajua kutukana.

Nikauliza pia kwa nini wajawazito wote niliowaona wiki ile walikuwa wakipanda na kushuka ngazi huku wakinywa vitu vichungu. Jibu la hilo nililipata nyumbani kwa Mwasiti.

Uchungu ulimshika wakati wa kuimba. Wakunga walimhimiza kama mtu anayefukuza gari. Alisukuma kwa nguvu zake zote, lakini mtoto hakuwa na haraka ya mtu. Alizaliwa kumepambazuka, mvulana, mzima, ana mapafu ya mpiga tarumbeta.

Majirani wakaja wamejifunga vichwa kama watu wa msibani.

"Pole, Mwasiti."

"Nimeshapoa."

"Ungejikaza kidogo tu, shoga. Kidogo tu."

"Pole ya nini?" nikauliza. "Mtoto huyu ana kasoro gani?"

Wakanitazama. Mmoja akanijibu taratibu, kama unavyomjibu mgeni wa lugha. "Ni wa kesho yake, mama."

Watoto wanaozaliwa baada ya Siku huitwa hivyo, na anayezaliwa asubuhi inayofuata ndiye anayeonewa huruma kuliko wote, kwa kuwa mwaka wake mzima uko mbele. Wazazi wao huletewa kanga nyeupe zisizo na maandishi, kwa sababu hakuna anayejua cha kuwaambia. Mwasiti alizipokea, akazikunja, akaziweka kabatini. Mtoto alimwita Fumo.

Asubuhi hiyohiyo nilitoka kwenda kuwatafuta wachomaji sindano. Mmoja alikuwa analima. Mwingine alikuwa anauza vitunguu, na sindano zake zimefungiwa sandukuni chini ya meza.

"Rudi Siku," akaniambia, akanipimia vitunguu.

Fumo alipotimiza wiki sita, kifaduro kilifika ng'ambo ya mto. Aliyewahi kukisikia hakisahau. Mtoto anakohoa bila kupata nafasi ya kuvuta pumzi, anageuka rangi, kisha anavuta hewa kwa mlio kama jogoo aliyebanwa shingo. Mkubwa anakitema na kuendelea na shughuli zake. Kichanga anaweza kufa nacho.

Mwasiti aliacha kushona. Aliziba dirisha kwa shuka, akasimama nyuma yake akisikiliza.

"Umesikia?" aliniuliza. "Kikohozi cha kwa mwenye kinu, ng'ambo. Jana alikuwa mtoto mmoja, leo wawili."

"Chanjo yake ipo?"

"Imejaa pango zima. Kila mtu anajua."

"Basi tunangoja nini?"

Akamfunga mtoto mgongoni, tukaenda barazani.

Mkuu wa Siku alikuwa Bwana Shekivuli, mtu mrefu, mpole, sauti yake imekauka kwa kuimba Siku nyingi. Nasema mpole kwa sababu alikuwa hivyo. Alimpa Mwasiti kiti chake mwenyewe na yeye akasimama. Alimsikiliza mpaka mwisho, na machozi yalimlengalenga. Kisha akafungua mjadala, na wajumbe wakajadili kwa bidii ambayo sijaiona katika mabunge makubwa.

Mjumbe wa kwanza alipendekeza Siku ya pili itangazwe mara moja. Alipigiwa makofi. Wa pili akauliza sare zitakuwa rangi gani, kwani rangi za mwaka huu zimeshavaliwa. Ikaundwa kamati ya sare. Wa tatu akasema huwezi kuwa na Siku bila wimbo mpya, na mtunzi yuko kwenye mavuno ya ufuta. Ikaundwa kamati ya wimbo. Wa nne alitaka kujua mgeni rasmi atakuwa nani.

"Mgeni rasmi ni kifaduro," nikasema. "Ameshafika, yuko mtoni."

Hawakucheka. Bwana Shekivuli akanigeukia. "Mama mgeni, kwenu mnafanyaje?"

"Kwetu mama anambeba mtoto wake Jumanne, au siku yoyote ambayo zahanati yao imepanga. Anakaa kwenye benchi. Muuguzi anamwita, anamchoma mtoto, anamwambia tarehe ya kurudi. Mtoto analia. Mama anarudi nyumbani kupika."

"Halafu?"

"Halafu basi."

"Bila wimbo?"

"Kuna mahali wanaimba kidogo wakati wa kungoja. Mara nyingi hamna."

"Na mama anarudi tena?"

"Mwezi unaofuata. Na unaofuata."

Mnong'ono ukapita barazani. Mjumbe wa sare alishika kifua. "Yaani kila wiki, nchi nzima, wanawake wanainuka tu na kwenda? Hakuna anayewapigia ngoma?"

Sikuwahi kuliona jambo hilo kuwa la kushangaza mpaka niliposimama mbele ya watu waliolishangaa. Ningeweza kunyamaza hapo na kubaki na sifa. Lakini sipendi kusifiwa kwa nusu ya habari, nikawaambia na nusu nyingine: kwamba kuna Jumanne ambazo friji imeishiwa gesi, kuna Jumanne ambazo muuguzi ameitwa semina, na kuna mama anayetembea kutwa na kuambiwa chanjo hazijaja.

Bwana Shekivuli alifikiri. "Kwa hiyo kwenu mlango uko wazi kila wiki na wakati mwingine ndani hamna kitu. Kwetu ndani kumejaa na mlango umefungwa." Alisema bila kejeli. "Nani kati yetu ana haki ya kumcheka mwenzake?"

Kisha akamrudia Mwasiti.

"Kamati zitaleta taarifa kabla ya mavuno ya mpunga," akamwambia. "Nakuahidi itakuwa Siku nzuri kuliko zote."

"Mheshimiwa, mavuno mbali."

"Sheria unaijua, binti yangu. Kutoka kwenye barafu mpaka kwa mtoto, bila kukatika. Sikuitunga mimi. Nikifungua mlango kwa ajili ya mmoja, kesho nani atakuja kusimama kwa ajili ya wote?"

Mwasiti alitoka nje mpaka kwenye jiwe. Alilisoma juu mpaka chini, kama mtu anayekagua mshono. Wajumbe walitoka nyuma yake.

"Hapa hapasemi mstari uwe mrefu kiasi gani."

"Haihitaji kusema. Barafu iko juu, watoto wako uwanjani," akajibu Bwana Shekivuli.

"Na mtoto akiwa juu?"

Bwana Shekivuli akalitazama jiwe. Mjumbe wa wimbo ndiye aliyejibu. "Mtoto afuate nini juu?"

"Afuate sindano, baba. Ana sababu gani nyingine?" Akakaza mbeleko.

"Haijawahi kutokea!"

"Sijauliza kama imewahi kutokea. Nimeuliza kama imekatazwa."

"Utapanda mlima na kichanga, peke yako, siku ya kawaida tu, kama mtu anayekwenda kuchota maji?"

"Mgeni atanisindikiza," alisema Mwasiti, bila kuniuliza.

Walicheka, lakini walicheka wakitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake ataje kifungu cha kumzuia. Hakikuwepo.

Ya njiani sitayasimulia. Ni mlima, na tuliupanda. Ninachotaka kusema ni pango.

Nilikuwa nimewaza stoo. Tulipoingia kwa mlango mdogo wa mlinzi, nilisimama nikamshika Mwasiti mkono. Kuta zilikuwa za barafu ya buluu mpaka juu nisikoweza kuona, na ndani ya kuta hizo, safu kwa safu, zilisimama chupa ndogo zisizo na idadi, kila moja na nuru yake. Ya surua, ya pepopunda, ya donda koo, ya kupooza. Niliwahi kumwona mtoto wa jirani akifa kwa pepopunda. Hapa palikuwa na chupa za kutosha vijiji vyote ninavyovijua, zimenyamaza, zimekaa, zinangoja kupigiwa ngoma. Nilipata woga, ule wa mtu aliyeingia mahali patakatifu na viatu.

Mlinzi wake alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Bi Ndimbwa, mwenye nafasi ya kwanza kabisa kwenye mstari. Alikuwa anafagia.

"Mmepotea njia?" aliuliza. "Huku haji mtu."

"Shikamoo, Bi Ndimbwa. Nimemleta mtoto," alisema Mwasiti.

"Marahaba. Umemleta wapi?"

"Kwako. Mchome."

Bi Ndimbwa aliweka ufagio chini. Mwasiti akamweleza habari ya kifaduro, ya baraza na ya jiwe. Yule mama alisikiliza, akatazama ukuta wa barafu, akamtazama mtoto, akapima kwa macho hatua iliyo kati yao.

"Mkono wangu kwenye barafu," akasema polepole. "Wako kwa mtoto. Haujakatika."

"Haujakatika."

"Lakini chupa ya kifaduro ni ya watoto kumi, mwanangu. Nikiitoboa kwa mmoja na kukaa wazi, dozi tisa zitaharibika."

Hilo nilikuwa nalijua vizuri. Kwetu nimewahi kurudishwa nyumbani kwa sababu hiyohiyo, tulikuwa kina mama wanne na muuguzi alitaka tutimie kumi. "Mimi nilirudi wiki iliyofuata," nikamwambia. "Kati ya wale wanne, mmoja hakurudi tena. Toboa, Bi Ndimbwa. Chupa itatengenezwa nyingine."

Akaitoa chupa. Akaigeuzageuza kwenye viganja, hakuvuta dawa.

"Baridi?"

"Hapana." Akasita. "Mimi ndiye ninayewafundisha wachomaji wote wa bondeni. Nawafundisha kwa mapapai. Mama yangu alifundisha kwa mapapai, na bibi yangu. Siku ikifika mimi nasimama hapa, natoa, natoa, mpaka inaisha. Hii chupa sijawahi kuona inakokwenda."

Nilimtazama mwanamke huyo, aliyetunza uhai wa watoto wa nchi nzima bila kumwona mtoto hata mmoja akiupokea.

"Basi inakwenda hapa," nikasema, nikamfunulia paja la Fumo. "Upande wa nje, katikati. Usimwonee huruma sasa, utamwonea baadaye."

Bi Ndimbwa akampa Mwasiti chupa, Mwasiti akamrudishia, ili mstari uwe mstari. Akavuta dawa. Akachoma.

Fumo alinyamaza kidogo kama mtu anayetafuta maneno, kisha akalia. Pango likakipokea kilio kile, likakikuza, likakitupa nje mlimani. Bi Ndimbwa alikaa chini kwenye barafu na kuziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Ana hasira," alisema, machozi yanamtoka, anacheka. "Papai halina hasira."

Kilio kilisikika kwenye nyumba za karibu. Wanawake wakaja kuangalia kuna nini, na watatu kati yao walikuwa na watoto wa kesho yake. Walisimama mlangoni. Hakuna aliyewaita, hakuna aliyewafukuza. Wa kwanza aliuliza kama ni lazima kuvaa sare, na Mwasiti akamwambia avue ya mtoto tu. Dozi zilizobaki zilimwagwa, na nchi haikuanguka.

Bwana Shekivuli alitukuta kwenye jiwe tuliposhuka. Nadhani alikuwa amesimama hapo muda mrefu.

"Kulikuwa na wimbo?" alimwuliza Mwasiti.

"Mtoto alilia, Mheshimiwa."

Akainamisha kichwa. Baraza liliundia jambo hilo kamati, na mpaka naondoka walikuwa bado wanajadili kama ule ulikuwa mstari kweli au ni watu wawili waliosimama karibu. Hawakukataza wala hawakuruhusu. Kina mama wachache wakaendelea kupanda. Wengi hawakupanda, maana ni mbali, na kwa sababu mtu aliyezoea kupigiwa ngoma hajisikii vizuri kutembea kimya.

Kifaduro kilivuka mto. Sitapamba. Baadhi ya zile kanga nyeupe zilitumika kwa kazi ambayo hakuna aliyetaka kuitaja, na mimi nilikwenda kwenye mazishi hayo nikakaa mkekani na wenzangu. Bwana Shekivuli alikuja yote. Kwenye ya mwisho alimchukua mzazi wa marehemu kando, akamwuliza nyumba yake iko umbali gani kutoka pangoni. Alilirudia jibu mara mbili, kisha akaondoka bila kusema na mtu.

Fumo alikohoa. Siku kadhaa alikohoa, na Mwasiti hakulala wala hakula. Lakini pumzi yake ilirudi kila mara, na rangi yake haikubadilika. Niliwahi kumwambia kwamba dozi moja ni mwanzo tu, inapunguza makali, haizibi mlango wote. Mwezi ulipotimia alikuwa ananyonya kama kawaida.

Asubuhi niliyofunga mizigo yangu kulikuwa na manyunyu. Mwasiti alikuwa jikoni, sufuria ya maharage motoni, cherehani imejaa kazi za watu, na mtoto amekwisha kufungwa mgongoni.

"Njia yote itakuwa utelezi," alinung'unika. "Na nguo ya mwenye kinu ameitaka leo. Na viatu vyangu ndivyo hivi. Yaani nipande mlima mzima kwa ajili ya kitu kinachochukua muda wa kupiga chafya."

"Usiende basi," nikasema, nimjaribu.

Alinitazama kama anayemtazama mwendawazimu. "Si ni leo dozi yake ya pili?"

Niliona Siku ya Shangwela, watu wote wale na ukimya ule, na sijutii kuiona. Nilisimama hapo jikoni, moshi machoni, nikamwona mwanamke anapanda mlima huku analalamika, hana mstari nyuma yake wala mbele yake, na ule mtetemo wa kifuani ukanirudia.

Alifika kwenye kona, akageuka.

"Dada, usisimame tu! Ongeza maji kwenye maharage, yataungua!"

Nikaongeza maji.